Siku Kumi na Sita

"Hapiti," Bi Lorna alisema, mkono umeshika kitasa cha mlango wa kituo cha watoto. "Samahani, Brenna. Leo ndiyo Jumatano ya kuzuia watoto wenye chanjo pungufu, na jina lake limo kwenye orodha."

Mvua ya Februari ilikuwa ikiwapiga mgongoni. Brenna alimhamishia mwanawe Silas upande wa pili wa kiuno. Saa moja na dakika arobaini. Saa tatu zamu yake inaanza kiwandani, kule wanakotoa minofu ya samaki, na msimamizi alishamwambia: siku ya tatu usipokuja, usije tena kabisa. Mbili alishazitumia.

"Limo kwa kosa gani? Tetekuwanga alichanjwa! Mguu nilimshika mwenyewe."

"Alichanjwa siku kumi na sita baada ya surua. Hizo mbili hutolewa siku moja, au ziachane wiki nne. Ya pili ikitolewa kabla ya hizo wiki nne, haihesabiki. Barua si uliletewa?"

Aliletewa. Alisoma mstari wa kwanza, akaona makarani wamekosea, akaitupia drooni.

"Kuna njia fupi," Bi Lorna alisema, akishusha sauti. "Itazame ile video ya jimbo kuhusu chanjo kwenye simu, chapisha cheti cha kukataa chanjo, nimfungulie. Leo wameshafanya hivyo wawili."

"Mimi si mkataaji, Bi Lorna."

"Mlango haujui hilo, mpenzi. Unajua karatasi tu."

Brenna alisimama akiitazama simu. Cheti kingemaliza kila kitu, na Silas asingeguswa. Alimkumbuka akiwa na miezi minane, sindano tatu kwa mpigo, halafu joto, halafu mwili mdogo ukikakamaa juu ya zulia, macho yamegeuka meupe. Dakika mbili tu, daktari alisema. Mtu aliyezihesabu ndiye anayejua urefu wake. Tangu siku ile ratiba ya kliniki aliiweka kando, akajichorea yake kwenye kijitabu cha chanjo cha mtoto: sindano moja, apumzike wiki mbili, ndipo nyingine.

Alimrudisha mtoto kwenye gari, akaendesha hadi kliniki ya wilaya.

Kulikuwa na foleni. Saa mbili na nusu ndipo muuguzi Yolanda alipokifungua kile kijitabu cha Silas.

"Huu mpango kaupanga nani?"

"Mimi."

"Kwa rula kabisa! Na ya tetekuwanga ulimpeleka kliniki nyingine. Uliwaonyesha hiki?"

"Hapana. Nilijua watanihubiria."

"Wangekuhubiria, ndiyo. Wangekwambia pia urudi baada ya wiki mbili."

"Kwa hiyo nilitaka kumpunguzia mateso, nikamwongezea sindano. Sema tu."

"Umeshasema mwenyewe, mama." Yolanda alivuta kiti. "Sasa nieleze hilo degedege lililoandikwa humu. Lilivyokuwa hasa."

Brenna alieleza. Saa ya ukutani ilikuwa ikila dakika, lakini mwanamke yule hakuitazama hata mara moja.

"Wiki nne zimeshapita, kwa hiyo leo namrudia ya tetekuwanga, ila siwezi kukuahidi kwamba hatapata homa," Yolanda alisema mwishowe. "Ikija, yaweza kuja kesho, yaweza kuja wiki ijayo. Degedege la homa hutisha kuliko linavyodhuru. Likimshika, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, upige simu. Pia anadaiwa ya homa ya ini mwezi ujao. Hiyo haina masharti ya siku. Tuimalize leo?"

"Moja," Brenna alisema.

"Moja basi."

Silas alilia kwa hasira, kisha akaomba stika ya papa. Brenna hakuweza hata kutabasamu. Walikaa robo saa wakiangaliwa, naye alikuwa akimgusa paji la uso kila mara, hadi mtoto akamsukuma mkono.

Kituoni Bi Lorna alisoma karatasi ya kliniki, akafungua mlango. Silas alikimbilia matofali ya kuchezea bila kuaga.

"Akipata joto kidogo tu, nipigie," Brenna alisema. "Hata nikiwa zamu."

"Mkishaingia ndani si simu mnaziacha makabatini?"

"Nipigie tu."

Alifika kiwandani saa tatu na dakika kumi na mbili. Msimamizi alimtazama viatu vilivyolowa, akatazama saa, akamtupia glavu. "Meza ya nne. Na usinieleze."

Brenna aliisukuma simu ndani ya buti la kazi, ikamgusa kifundo cha mguu. Alichukua kisu, akaanza kumpasua samaki wa kwanza, akisikilizia mguuni kama simu itatetemeka.