Mguu wa Amani

Rachelle alimsimamisha mwanawe katikati ya chumba cha matibabu, akamwambia atembee. Amani alikwenda hadi ukutani na kurudi, wayo wake wa kulia ukining'inia na kufagia sakafu. Hakulia. Alidhani ni mchezo.

"Mama Odile, angalia. Tangu ile homa, muguu imekufa."

Muuguzi Odile aliangalia. Hakuhitaji kumpima. Malaria ilipompanda mtoto huyu kichwani, kituo cha afya hakikuwa na seromu ya dripu wala mipira ya kuitundika. Dawa ziliacha kuja, ingawa malori ya shaba yanapita mbele ya mlango kutwa kucha. Kulikuwa na kwinini tu. Odile aliichoma kwenye tako, kama wauguzi wa mtaa ule wanavyofanya, na kama akina mama wenyewe wanavyodai, maana mama akirudi nyumbani na vidonge tu husema hakutibiwa. Tako la Amani lilikuwa ngozi na mfupa. Sindano iligusa mshipa wa fahamu wa mguu wa kulia. Basi.

Daktari Kabamba, msimamizi wa vituo vya eneo hilo, alikuwa chumba cha pili akiandaa mafunzo ya usalama wa mgonjwa. Odile alimfuata, akafunga mlango.

"Dokta, ni sindano yangu. Lazima niambie mama yake."

Kabamba hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Mama Odile, usalama wa mugonjwa njo nini?"

"Ni mugonjwa asiumizwe."

"Hapana. Ni mugonjwa akuje. Ukisema ni sindano, kesho batu bote batabakia ku nyumba, batoto batakufa kule kule. Na weye batakufukuza. Kwinini njo ile tuko nayo. Utabachoma na nini?"

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Katika kituo hiki hata muuguzi haulizwi. Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Kabamba alimwendea Rachelle mwenyewe. "Mama, ni maralia. Ilishuka mu muguu. Itapona polepole."

Rachelle alimtazama Odile, si daktari. "Ni vile, mama?"

"Ni vile," alisema Odile.

Rachelle akamfunga mtoto mgongoni. "Maralia haina macho ya kuchagua muguu moya. Kuko mutu."

Mtu huyo alipatikana upesi. Alikuwa Mbayo, mama mkwe wa Rachelle, bibi kizee aliyehamia kwao kutoka Sandoa na ambaye Amani alikuwa akilala mkekani kwake. Mchungaji wa kanisa lao aliomba, akafunga, akamwona kuwa ndiye mlozi. Mwana wa Mbayo wa kumzaa, mchimbaji, mume wa Rachelle, ndiye aliyetupa kifurushi chake nje ya ua.

Odile alizisikia habari hizo kwa wagonjwa huku akifunga vidonda. Alishangaa kwamba bado aliweza kula. Aibu alikuwa nayo, ila ilikufa ganzi. Alijua ipo kama mtu anavyojua ana meno.

Asubuhi moja Mbayo akaingia kituoni, akaketi pembeni ya kitanda. Hakuwa na ugonjwa wowote.

"Mama," alisema, "banasema mulozi anaweza kukula mutoto mu usingizi, na yeye mwenyewe hajue. Ni kweli? Weye ulisoma."

Sema sasa, Odile alijiambia. Nje, foleni ya akina mama ilikuwa imefika barabarani, kila mmoja na mtoto mwenye homa mgongoni.

"Mi sijui, mama."

Bibi kizee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichofuata. "Basi nitakubali. Siku ya Yenga, batu bakikuya kusali, nitasimama mu kanisa, mbele ya batu bote. Nikikubali, batanirudisha ku nyumba."

Akamsogelea Odile.

"Ila muchungaji ataniuliza nilimushika wapi. Sitaki nikose. Weye unajua mubili. Nilimushika fasi gani?"

Odile alisimama. Akampa mgongo, akaweka kidole kwenye tako lake la kulia, juu ya sare nyeupe.

"Hapa," alisema.

Mbayo naye akasimama. Akagusa mahali hapo hapo kwenye mwili wake, kisha akagusa tena, asije akasahau.