Taji la Malkia wa Mwaka Jana

Jumatatu ya wiki ya kurudi nyumbani, sherehe ya kila vuli ambapo shule hukaribisha wanafunzi wa zamani kwenye mechi na kumchagua binti mmoja kuwa malkia wake, wanafunzi wa sekondari ya Corbin Flat walikwenda shule wamevaa nguo za kulalia, kama ilivyo ada ya siku hiyo, na Bi Opal Strayhorn akaenda kwa Denise Ruckert kutaka taji.

Hakuanza na taji. Alileta mkate wa boga uliofunikwa kitambaa, akauliza hali, akasema mwaka huu pamba imechelewa kupasuka. Bi Opal alikuwa malkia wa shule ile kabla Denise hajazaliwa, na sasa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani. Akisema jambo, limekwisha.

"Denise mwanangu," akasema, "najua wiki hii ni nzito kwenu. Ila lile taji inabidi lifike kwa sonara wa mji wa Lubbock, ling'arishwe kabla ya Ijumaa."

"Limo humu humu ndani. Nitalitafuta."

"Usijisumbue, mumeo Royce atalitafuta. Na kamati imekubaliana: wewe na mumeo ndio mtakaomvika malkia mpya. Kwa niaba ya Marlee."

Denise alishukuru. Mgeni alipoondoka, alikaa jikoni akiutazama ule mkate mpaka akasikia kengele ya shule inalia kwa mbali.

Taji lilikuwa moja tu, la fedha, lililonunuliwa na mababu mwaka ambao pamba ilikubali. Aliyechaguliwa malkia alikaa nalo mwaka mzima, kisha vuli inayofuata, wakati wa mapumziko ya mechi, akamvika mwenzake kwa mikono yake mwenyewe. Bi Opal alilivaa. Mama yake Royce alilivaa. Denise hakulivaa, maana yeye alitoka Oklahoma na kuletwa pale na ndoa, na hata baada ya miaka ishirini watu wa Corbin Flat walikuwa bado wanamweleza njia za kwenda mahali anapopajua. Lakini mwanawe alilivaa. Marlee alichaguliwa Oktoba, na Februari gari lake likateleza kwenye barafu, likapinduka mtaroni. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Na Denise alijua vizuri sana taji lilipo.

Alishindwa kumwambia mumewe siku ile, akashindwa na kesho yake. Mjini vioo vya maduka vilipakwa rangi za shule, na wasichana walipita na maua makubwa ya bandia vifuani, pambo la wiki hiyo, riboni zimening'inia hadi magotini, njuga zikilia kila wakipiga hatua. Denise alizisikia njuga hizo akiwa kwenye foleni ya dukani, akaacha kapu lake sakafuni na kurudi nyumbani bila maziwa.

Jumatano Royce alirudi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba, nyuzi bado zimemganda kwenye nyusi, akaingia moja kwa moja chumbani kwa Marlee. Alifungua kabati. Alifungua droo moja, kisha nyingine, akigusa kila kitu kwa ncha za vidole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Humo hamna," Denise akasema kutoka mlangoni.

"Liko wapi basi?"

"Analo mwenyewe."

Royce alimgeukia. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa.

"Lini?"

"Kule nyumba ya mazishi. Ulikuwa nje unapokea watu. Yule mama wa pale akaniuliza kama kuna kitu tunataka kumwekea kabla hawajafunga jeneza. Nilikuwa nalo mkobani."

"Ulikwenda nalo mkobani."

"Ndiyo."

Royce akaketi juu ya kiti kidogo cha kusomea. "Kwa nini, Denise?"

"Siku ile ya kuvikwa, ulipokwisha kwenda kulala, yeye alikuja jikoni akala maharage kwenye sufuria, amesimama, taji kichwani. Nikataka kumvua. Akasema, 'Mama, niache, nataka nilale nalo.'"

"Alikuwa anatania."

"Najua."

"Alikuwa anacheka, Denise. Mtoto anakula maharage anacheka, na wewe..." Akakatisha. "Mama yangu alilivaa lile. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Sasa nimwambie nini Opal? Nikachimbe?"

Denise alingoja acheke, au atukane, au aombe radhi kwa neno hilo. Royce alinyamaza, macho kwenye viganja vyake, na kadiri kimya kilivyozidi kurefuka ndivyo Denise alivyoona kuwa mumewe analipima lile wazo kwelikweli. Lilimtoka baadaye, akatikisa kichwa na kuondoka. Lakini Denise alikuwa ameshaliona likipita usoni mwake, na hapakuwa na namna ya kutoliona.

Alhamisi shule iliwasha moto wake mkubwa wa kila mwaka, na kando ya moto huo Royce akamweleza Bi Opal. Ijumaa asubuhi mji mzima ulikuwa unajua. Bi Opal alipiga simu mapema. Hakugomba, Denise angeona nafuu kama angegomba.

"Lile halikuwa la Marlee," akasema taratibu. "Lilikuwa la wasichana wote. Wajukuu zangu hawatalivaa."

"Najua, Bi Opal."

"Tumenunua jingine. La mawe ya kioo, ndilo lililopatikana. Royce atamvika huyo binti. Wewe pumzika nyumbani, mama. Hakuna atakayekulaumu."

Denise hakupumzika. Jioni aliegesha gari upande wa wageni, akasimama kwenye uzio kati ya watu wa mji mwingine ambao hawakumjua. Mapumziko yalipofika, mabinti watano waliingia uwanjani na magauni marefu, kila mmoja ameshika mkono wa baba yake, visigino vikizama kwenye nyasi. Royce alisimama katikati na lile taji jipya juu ya mto mdogo. Alikuwa amenyoa ndevu.

Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Malkia wetu wa mwaka jana, Marlee Ruckert, hakuweza kuwa nasi leo. Anawakilishwa na baba yake."

Mwanamke aliyesimama karibu na Denise akatabasamu huku anamenya karanga. "Hawa mabinti bwana. Wakishaonja chuo, nyumbani hawarudi tena."

"Ndiyo," Denise akasema.

"Na wewe unaye?"

"Ninaye mmoja."

Mshindi alikuwa Tessa Lockhart, rafiki yake Marlee, aliyekuwa akilala kwao kila mwisho wa wiki tangu utotoni. Royce alipomvika taji, Tessa alimkumbatia shingoni, na Royce akaanza kulia mbele ya halaiki yote ile. Jukwaa la nyumbani likasimama. Walipiga makofi kwa muda mrefu, wanaume wamevua kofia, na Bi Opal akashuka akamshika mkono na kumtoa uwanjani. Denise alitazama mji mzima ukimfariji mumewe, na hakuona mahali pa yeye kuingilia.

Alitangulia kufika nyumbani. Royce alirudi macho yamevimba, nguo zinanuka nyasi.

"Walisimama wote," akasema.

"Niliona."

"Ulikuwepo?"

"Upande wa pili."

Royce akavua koti, akalitundika. Kisha akapita chumba chao, akaingia kwa Marlee, akafunga mlango. Denise alisikia viatu vikidondoka, kimoja kimoja, halafu chaga za kitanda zikilia chini ya uzito wake. Shuka zile hazikuwa zimefuliwa tangu Februari. Kila alfajiri, kabla Royce hajaamka, Denise alikuwa akiingia mle na kuulaza uso wake juu ya mto, ambao bado ulikuwa na harufu ya nywele za Marlee, kidogo sana.

Alikwenda hadi mlangoni. Aliinua mkono kubisha, akasikia anavyolia mle ndani, akaushusha. Akabaki amesimama pale gizani, naye Royce akijigeuza na kujigeuza juu ya zile shuka na ule mto.