Sakafu ya Mastiki

Injini ilikuwa nzima, na hilo lisemwe mapema, maana Arsène hakuwa fundi wa kubahatisha. Kamioneti, yaani pikapu, ya marehemu baba mkwe wake ilikuwa imelala uani kwake, mtaa wa Panda, tangu mvua za mwaka jana, na injini ile aliifungua mwenyewe, nati kwa nati. Alibadilisha gasketi, akasafisha kabureta kwa mswaki mkuukuu, akafunga breki mpya. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza na kupuliza moshi mweusi juu ya nguo alizoanika jirani, alicheza peke yake katikati ya ua. Angeishia hapo, tusingekuwa na la kusimulia.

Kilichomshinda ni bodi. Kutu ilikuwa imekula chuma upande wa abiria, kuanzia chini ya mlango mpaka mahali pa kuweka miguu. Ukiinua zulia unaona ardhi. Pale palitaka fundi wa kuchomelea, akate bati bovu, tôle kama waitavyo huko, na kutia jipya. Na fundi huyo alikuwepo, tena wa nyumbani: Dodo, kaka wa mkewe Aimée, mwenye mashine yake na kibanda chake mtaa wa pili. Ila Arsène alikuwa amejifungia mlango huo kwa mdomo wake mwenyewe. Kwenye kikao cha familia, Dodo alipojitolea kulichukua gari alitengeneze, Arsène alisimama akamjibu mbele ya wajomba wote:

“Gari ya baba mukwe, mukwe njo atatengeneza. Haiko kazi ya muntu ya kushona madirisha.”

Watu walicheka. Dodo, ambaye ni kweli anaishi kwa kuchomelea madirisha na mageti, hakucheka. Mama Hélène, mjane wa marehemu, aliketi upande wa pili wa chumba, mbali na mkwe wake, kama adabu inavyotaka. Alisema gari ameshamkabidhi Arsène, basi. Na siku ya kutoa kilio, siku atakayovua nguo nyeusi na msiba kumalizika, hataingia gari lolote kwenda kanisani ila hilo la mumewe.

Basi bwana mwenye maneno mengi akaenda kununua mastiki. Mastiki ni ule uji mzito wa mafundi wa bodi: unaupaka penye kovu, ukikauka unaupiga msasa, kisha rangi. Penye kovu, nimesema. Yeye aliziba nao shimo. Aliweka karton ya boksi, juu ya karton mastiki, juu ya mastiki rangi, juu ya rangi zulia jipya jekundu, na ungeitazama ungeapa ni gari la waziri. Kila aliyepita alisifu. Kila aliposifiwa Arsène aligeuka, akaendelea kung'arisha mlango.

Alhamisi ya wiki ile ya kutoa kilio, alasiri, alikuwa amelala chini ya gari anakaza bomba la moshi. Alivaa kaptula iliyopasuka nyuma, maana nani angemwona? Aimée alikuwa ametoka kununua makaa. Mara akaona miguu ya mwanamke imesimama kando ya gurudumu, ndani ya kandambili za bluu za Aimée, na visigino vipana vya Aimée. Siri ya shimo ilikuwa imemlemea. Akanyoosha mkono, akashika kifundo cha mguu ule na kukifinya, utani wa mume kwa mkewe.

“Aimée, sikia. Hapana kumwambia mama yako, weye. Pale atakaa, chini haiko na tôle tena. Ni karton na mastiki tu. Hata kuku akiruka pale anapita! Na mama yako, na ule uzito yake… aombe tu Mungu.”

Akacheka. Mguu haukusogea. Hapo ndipo alipoona kile ambacho angekiona mapema laiti angetazama vizuri: upindo wa kitenge cheusi.

Watu wa kwao huita buko, ile heshima iliyopo kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamli sahani moja. Hamtazamani usoni. Hamshikani hata mikono ya salamu, na mkikutana njiani, wewe mkwe, wewe muko, ndiwe unayepisha. Tangu amwoe Aimée, Arsène hakuwahi kumgusa mama huyu hata ukucha. Sasa alikuwa amemshika mguu, amemfinya, amemcheka unene, na amemweleza kwa kinywa chake jinsi alivyomtegea shimo.

Aliuachia ule mguu kama aliyeshika kaa la moto. Alitaka kutoka apige magoti, lakini atoke vipi na kaptula ile? Alibaki amelala chali, jasho linamtiririka masikioni. Mama Hélène alikuwa amekuja kwa pikipiki, viatu vyake vikajaa tope, akaviacha mlangoni na kuvaa kandambili za binti yake, aliyerithi kwake hata visigino. Ni hilo tu. Angeweza kuondoka kimya. Badala yake alivuta kidumu kitupu akaketi, na kwa kuwa buko ilimkataza kumkaripia mkwe wake, aliongea na gari.

“Georges,” alimwita marehemu mumewe, “unasikia? Mu hii gari njo nilizalia Dodo, mu njia ya Mwadingusha, na mvua inanyesha. Mukono moja ulishika usukani, ingine ulinishika minye. Ulikuwaka na hasira, Georges, na pombe ulikunywaka. Mais kunidanganya, hapana. Hata siku moja.” Akapapasa bodi ya gari. “Na minye niliambia bantu bote: huyu muko yetu ni muntu ya kweli. Sasa nitabaambia nini?”

Akasimama, akavaa viatu vyake vya tope, akaenda. Aimée aliporudi na makaa alimkuta mumewe bado yuko chini ya gari, macho mekundu. Alimwambia ni vumbi.

Ijumaa Arsène alipiga moyo konde, akaenda kwa Dodo. Njia nzima alirudia maneno aliyopanga kumwambia shemeji yake: bo-frère, unisamehe, kuya unisaidie. Maneno mepesi kabisa. Alipofika uani aliona cheche zikiruka, na Dodo akavua miwani yake myeusi na kumtazama.

“Unatafuta nini?”

“Naulizia… dirisha,” Arsène akasema.

“Weye? Dirisha?”

“Nitarudia.”

Akageuka. Alirudi nyumbani akijitukana kwa sauti, mpaka wapita njia wakamgeukia. Usiombe kujichukia kiasi hicho.

Jumamosi asubuhi, siku ya kutoa kilio, ua ulijaa. Kamioneti iling'aa, wanawake walipiga vigelegele, na wajomba walimpiga Arsène mabegani mpaka yakamuuma. Mama Hélène akaja, ameshavua nyeusi, amevaa kitenge kipya cha manjano. Alisimama mbele ya mlango wa gari uliofunguliwa, akalitazama lile zulia jekundu.

“Minye nitaenda na miguu,” alisema.

Vigelegele vilikatika. Mzee Théophile, kaka mkubwa wa marehemu, alipandisha sauti.

“Hélène! Mutoto ya bantu anajichokesha na hii gari mwaka muzima, na weye unamuzarau mbele yetu? Njo unashukuruka hivi?”

“Magoti inaniuma, papa,” Mama Hélène akamjibu shemeji yake kwa heshima. “Nataka kutembea.”

Mtu akaguna. Mwenye magoti mabovu anaomba kutembea? Nyuma ya wanawake sauti moja ikasema, si ya chini sana, kwamba huenda mama amekwishapata mwingine, ndiyo maana gari la mumewe linamchoma. Mama Hélène alilisikia. Kila mtu aliona kuwa amelisikia. Aliinamisha kichwa, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Arsène angeweza kunyamaza tu. Hakuna aliyejua zaidi ya mama yule, na mama yule alikuwa anatukanwa siku yake ya kutoa kilio, anadanganya vibaya, kama mtu asiyezoea, ili mkwe wake asiumbuke. Arsène hakuweza kulivumilia. Alijipenyeza katikati yao akafika mlangoni, akainua mguu wenye kiatu kilichopigwa rangi, akaukita juu ya zulia kwa nguvu zake zote.

Karton ilipasuka, mguu ukazama mpaka pajani, na kiatu kikatokeza chini ya gari, mbele ya macho ya watoto waliokuwa wamechuchumaa.

“Hapa njo angeweka miguu yake,” alisema. “Haiko na tôle. Ni karton na mastiki. Minye njo nilifanya, na nilijua. Mama anajua toka Alhamisi. Alinifichia haya yangu, na munamutukana yeye.”

Mzee Théophile alitazama kofia yake. Wajomba waliokuwa wakimpiga mabegani walisogea kando, na Aimée akafunika uso kwa kitambaa.

“Aimée,” Mama Hélène akasema, bila kumtazama mkwe wake, “ambia bwana yako atoshe muguu. Misa haitatungojea. Tutatembea bote.”

Lakini mguu haukutoka. Kingo za bati bovu zilimshika kama meno, kila alipovuta zilimng'ata zaidi, na suruali ikaanza kulowa damu. Dodo ndiye aliyejitenga na wengine. Alivua koti, akatandika gazeti chini, akaona halitoshi, akalala hivyo hivyo kwenye vumbi na shati lake jeupe na kuingia chini ya gari. Arsène akasikia mikono miwili ikishika kiatu chake na kukivua taratibu.

“Bo-frère,” akasema, akiinamia lile shimo. “Ile neno nilikuambia siku ile. Unisamehe.”

Kutoka chini ya gari Dodo alijibu, “Kunja vidole.”

Arsène akakunja vidole, akilia mbele ya wakwe zake wote, na Dodo akaanza kuusukuma mguu juu, polepole, kwa kiganja.