Kinga ya Fundi Seremala

Mume wangu alikunja mkono wa shati kabla hajaambiwa. Vumbi la mbao lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi, maana alitoka karakana moja kwa moja. Mpimaji damu wetu, tuliyemwita Bwana Matone, alimwona akikwepa kuitazama sindano.

"Fundi, unashinda na misumeno, unaogopa kasindano?"

"Msumeno naushika mimi," mume wangu alijibu.

Nilisimama mlangoni na sare yangu ya ukunga. Sikucheka.

Siku chache kabla, hospitali ilikuwa imetuletea wafanyakazi chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwanza tulipimwa. Tulipanga foleni tukitaniana, wafua nguo, wauguzi, madaktari, kila mtu akijidai hana woga. Wenzangu wakachanjwa, mimi nikaitwa pembeni. Daktari alivuta kiti karibu nami akaniambia chanjo haitanisaidia tena. Virusi vilishaweka makao mwilini mwangu, labda kwa sindano mojawapo iliyonichoma katika purukushani za kuzalisha. Ini langu lilikuwa bado zima. Ningefuatiliwa, ningeishi, ningefanya kazi.

Niliyasikia yote, lakini nilirudi nyumbani mtu mwingine. Nilijitengea kikombe. Nilihamia ukingoni mwa kitanda, na mkono wa mume wangu uliponigusa begani nikajifanya nimesinzia. Nilijua vizuri kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kushikana. Ujuzi wangu wote uliishia mlangoni kwangu.

Alivumilia, hadi asubuhi moja akaniuliza, "Mke wangu, nimekukosea nini?"

Nikamwambia. Akavuta kikombe changu, akanywa chai iliyobaki.

"Twende nikapimwe," akasema.

Ndiyo maana tulikuwa pale maabara, tukingoja kwenye benchi, hadi Bwana Matone aliporudi akiwa na uso wa mtu asiyejua aanzie wapi.

"Hana virusi," alisema. "Ana kinga. Tena si ya chanjo. Aliwahi kuambukizwa, mwili ukapigana, ukashinda."

Nikakumbuka mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, alivyolala hoi, macho yamegeuka manjano, mimi nikimnywesha maji kwa kijiko na kumbembeleza kama mtoto. Nilimuuguza ugonjwa ambao yaelekea nilimpa mwenyewe.

Mume wangu aliendelea kubana pamba mkononi, akifikiri.

"Kumbe," akasema polepole, "ulinichanja mwenyewe."

Nilitaka kumkasirikia. Badala yake nilicheka huku nalia, naye akanifuta machozi kwa kiganja chake kigumu, akiniacha na vumbi la mbao mashavuni.

Binti yetu alizaliwa baadaye, katika wodi yangu ileile. Nilikuwa nimemeza dawa za kupunguza virusi miezi yote ya mwisho. Alichanjwa mara tu alipozaliwa, baba yake akimwomba radhi kwa niaba ya watu wazima wote.

Alipotulia, nilimgeukia mkunga mwenzangu.

"Naweza kumnyonyesha?"

Alinitazama kwa mshangao. Jibu nililijua, nilishawapa akina mama wasiohesabika. Nilitaka tu, mara moja, niambiwe na mimi.

Akamlaza kifuani pangu, akamfunika mgongo kwa khanga.

"Mnyonyeshe, dada," akasema. "Mtoto ana njaa."