Maikrofoni Mbili za Utepe

Fundi wa studio aliagiza maikrofoni mbili kutoka ng'ambo kwa ajili ya mtu mmoja tu: baba yake. Watu walimwita Mzee Nyuzi, maana gitaa kavu, lile lisilo la umeme, kwake lilikuwa kama mkono wa tatu. Lakini maisha yake yote hakuwahi kuikubali rekodi yake hata moja. "Huyo si mimi," alikuwa akisema kila aliposikiliza. "Huyo ni nzi ndani ya kopo." Na sasa vidole vyake vilikuwa vinakakamaa, kila siku afadhali ya jana. Daktari hakumficha: hali hiyo haitarudi nyuma. Asiporekodiwa sasa, basi tena.

Hizo maikrofoni si za kuchezea. Ndani yake umening'inia utepe wa alumini, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, nao ndio unaosikia. Hunasa mlio wa mbao na nyuzi bila kuutia ukali, lakini ukiupulizia tu, kwaheri. Fundi alihangaika nazo kama mama na kichanga. Forodhani alimsihi ofisa, nusura apige magoti, asizijaribu kwa kuzipulizia. Ofisa akamtazama kama mwendawazimu, akagonga muhuri. Nyumbani mkewe akakatazwa kuwasha feni.

"Basi na sisi tuache kupumua," mke akasema, akaizima.

Siku ya kurekodi, Fundi aliweka kila maikrofoni kwenye kona yake: moja ya baba, nyingine yake mwenyewe, kwani mzee alikuwa amekataa katakata kupiga bila gitaa la pili. Mzee akaketi, akafungua kifungo cha shati, akalipangusa gitaa. Kisha akafanya kile alichokuwa akifanya kwenye kila jukwaa tangu ujana wake. Akaisogelea maikrofoni, akajaza mashavu.

"Fuu! Fuu! Moja, mbili!"

Kwenye spika ukasikika mkwaruzo mmoja, halafu kimya. Kila mtu alikuwa ameonywa, hadi mtoto wa jirani. Baba peke yake ndiye hakuambiwa, kwa sababu Fundi aliona haya kumfundisha mzee wake namna ya kukaa mbele ya maikrofoni. Haya hiyo sasa ikamtokea puani.

"Mbona umesawijika?" mzee akauliza. "Nimeharibu?"

"Hapana, baba. Ni waya tu umelegea."

Moyoni alitamani kulia. Kuagiza nyingine ni suala la miezi, na vidole vile havikuwa na miezi ya kusubiri. Ikabidi atumie hiyo moja iliyobaki nzima. Uzuri wake, maikrofoni ya utepe husikia mbele na nyuma sawasawa. Fundi akaisimamisha katikati ya chumba, akavuta kiti, akakaa upande wa pili. Magoti yake yakakaribia kugusana na ya baba yake. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu alipokuwa mdogo akifundishwa kubana nyuzi.

Wakaanza. Mzee alipiga vizuri, vizuri hasa, mpaka walipofika pale wimbo unapopanda mbio. Kwa kuwa walitazamana, Fundi alikiona kidole cha pete kikigoma. Bila kufikiri akaudaka muziki, akapanda nao, akamrudishia baba yake chini. Hakuna aliyeacha kupiga.

Walipomaliza wakasikiliza. Mzee alifumba macho.

"Huyu," akasema polepole, "huyu ndiye mimi."

Wimbo ukafika pale pa kupanda, mzee akafumbua jicho moja.

"Hapa ni mimi au wewe?"

"Ni wewe, baba."

"Mwongo mkubwa. Mimi siku hizi sifiki hapo." Akakisugua kile kidole cha pete. "Hebu irudishe. Nataka kukusikia."