Mbwa Aliyembeba Modest

Kila jioni Rozalia alikaa nyuma ya kambi ya vibarua, kwenye shamba la kahawa nje ya Karatu, akimfundisha mbwa wake kubeba vitu juu ya pua. Alianza na kikombe cha plastiki. "Tulia, Shukuru," alimwambia, na mbwa akitulia alipewa ukoko wa ugali. Kikombe kilipozoeleka akaweka gunzi, kisha yai. Alitaka kumpeleka barabara ya Ngorongoro, pale magari ya watalii yanaposimama, awaonyeshe mchezo huo apate nauli ya kwenda Singida na binti yake Selina. Mumewe, Modest, alikuwa ametangulia. Ndivyo alivyoambiwa na Piusi, msimamizi wa shamba, siku aliporudi kutoka kliniki na mtoto akakuta mume hayupo.

Jumapili moja mchana, wanawake wakifua, Shukuru alitokea nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa. Alitembea polepole, na juu ya pua yake lilisimama fuvu la mtu. Lilikuwa limepasuka juu ya sikio. Udongo mwekundu ulijaa machoni.

"Mama Selina," fuvu lilisema, "mpe mbwa chakula. Amechimba sana."

Rozalia aliitambua sauti ya mumewe. Alimpa mbwa ukoko, kisha akapangusa udongo kwa ncha ya khanga.

"Walisema uko Singida."

"Sijafika. Nilikataa kuingia kwenye mistari ya kahawa iliyopulizwa dawa ya wadudu asubuhi ile. Piusi akaniburuta stoo akanipiga kwa mpini wa jembe. Ulipovunjika akaagiza mwingine. Hosiana ndiye aliyeosha sakafu."

Hosiana, jirani yao wa chumba cha pili, aliendelea kusuuza shuka.

"Damu ilikuwa nyingi," alisema. "Niliteka maji mpaka mgongo ukauma."

"Ukanyamaza."

"Nina watoto, dada."

Wakamwita Josephati, mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na kiti chake, akamsalimia Modest, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Lakini wewe ndiwe mlalamikaji. Anatakiwa mtu mwingine aliyeona."

Akawatazama vibarua mmoja mmoja. Walitazama chini. Hosiana alianika shuka.

Ndipo Piusi akaja na rungu. Hakulipiga fuvu, alimpiga mbwa aliyekuwa bado amelibeba. Pigo la kwanza lilivunja uti wa mgongo, na Shukuru hakutikisika, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutulia. Piusi akampiga kichwani mpaka ubongo ukatapakaa kwenye mabeseni ya nguo. Rozalia alimrukia akamng'ata mkono. Akapigwa kiwiko, meno mawili yakatoka. Mbwa alipoanguka, fuvu lilibaki palepale hewani, kimo cha pua yake.

Piusi alilivuta, kisha akalisukuma kwa bega. Halikusogea. Josephati alibeba kiti chake akaondoka.

Rozalia alimzika Shukuru kwenye shimo alilochimba mbwa mwenyewe, pamoja na mifupa mingine ya Modest. Nauli hakupata. Jumatatu aliingia mistarini, shavu limevimba, na vibarua waliobeba kahawa walipinda kidogo njiani ili wasiligonge fuvu.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi, Modest huita jina la aliyemuua.

"Piusi."

"Nipo," Piusi hujibu, kisha huwagawia watu mistari.