Wangu Ashika Kamba Mwenyewe

Wangu wa Dundori alikuwa akikamua asubuhi moja moyo wake ulipoanza kwenda ovyo, mara mbio, mara kama umesahau kupiga. Alimwegemea ng'ombe wake, Nyakairu, hadi kizunguzungu kikapita. Mwanawe Kabiru aliposikia, alimpeleka hospitalini Nakuru siku hiyo hiyo.

Daktari Chepkemboi alimweleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikitetemeka badala ya kupiga sawasawa. Damu ingeweza kuganda humo, donge likapanda kichwani na kumletea kiharusi. Akampa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi na nyingine ya kupunguza mbio za moyo. Baadaye wakamlaza usingizi, wakaushtua moyo kwa umeme ili urudi kwenye mapigo yake. Ulitulia miezi michache, kisha ukarudia fujo. Sasa ilibaki ama kuendelea na dawa, ama kwenda Nairobi kupitishwa waya mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni, ichomwe sehemu inayosumbua.

Kabiru alitaka ng'ombe auzwe, mama apumzike. Wangu hakubishana naye. Alimgeukia daktari.

"Hizi dawa zinanikataza kufuga?"

"Hapana, mama. Usizikose tu. Na ujichunge usijikate, maana damu yako itachelewa kuganda."

Basi Wangu akaamua kuendelea na dawa, Nairobi isubiri. Akanunua glavu nzito za kukatia nyasi. Kliniki ya kupima damu hakuikosa hata mvua ikinyesha. Kwenye mlima wa kutoka mtoni alikuwa akiketi njiani apumue, na wapita njia wakimsalimu aliwajibu bila haya.

Maonyesho ya kilimo yalipofika, Kabiru alijitolea kumwongoza Nyakairu uwanjani. Mama yake alichukua kamba mkononi mwake.

"Huyu nimemlea mimi," alisema.

Akaingia taratibu, kichwa juu, Nyakairu akimfuata ngozi iking'aa. Wafugaji wengine walimaliza mzunguko wakamsubiri. Wangu na Nyakairu wakatangazwa washindi wa pili. Mwamuzi alipouliza ng'ombe ni wa nani, Kabiru alijibu kabla ya mama yake kufungua mdomo.

"Ni wa mama yangu. Anaugua moyo, na kila siku anamkamua mwenyewe."

Wangu alijua mwanawe hangetaja tena habari za kuuza. Akanyoosha lesso yake, akasogea mbele kuvishwa utepe wa ushindi.